Kamati yetu ya ulinzi haina hata nauli, na tunaambiwa tuchukue mkopo. Tufanyeje?

Bi Mkorosho aliuliza:

Wadau, habari za jioni. Naomba anayezijua bajeti za halmashauri anisaidie, maana mimi nimegonga mwamba.

Ni katibu wa Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya kijiji chetu, huku mkoa wa Mtwara. Wilaya sitaitaja, sitaki kugombana na mtu, nataka kazi iende. Kamati hizi hatukujiundia wenyewe. Zimetokana na mpango wa serikali wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, uliozinduliwa Desemba 2016, uliotaka kila kijiji na kila mtaa uwe na kamati yake. Tuliitwa, tukachaguliwa, tukapewa daftari moja kubwa. Daftari hilo ndilo kitu cha kwanza na cha mwisho tulichopewa.

Huku kwetu ukatili una msimu, kama korosho zenyewe. Mwanamke anapalilia, anaokota, anatenganisha bibo na korosho, anaanika, anachagua. Mgongo unamkatika. Mnada ukifanyika, malipo yanatua kwenye akaunti, na akaunti ina jina la mume. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Wengine ndiyo balaa zaidi, mume ameshauza kwa kangomba, ulanguzi wa kabla ya mavuno, tangu mikorosho ikiwa na maua, mke anaokota mali ambayo si yao tena na hajui. Ongeza uraka na nipa, pombe za mabibo, maana mabibo ndiyo yamejaa. Oktoba ikiingia mimi usingizi unanipaa.

Mwaka jana, Novemba, saa tano usiku, nilisikia mtu anakwaruza mlango. Hakugonga, alikwaruza. Nilipofungua nikamkuta mama mdogo wa kitongoji cha pili, kajifunga kanga moja, mkono wa kushoto unaning'inia kama si wake, na mtoto kamfunga mgongoni kwa mkono mmoja. Mpaka leo sijui alimfungaje. Kosa lake aliuliza stakabadhi ya AMCOS, chama chetu cha ushirika kinachouza korosho, iko wapi. Kutoka kwetu mpaka kituo cha afya ni kilomita 31. Bodaboda usiku alitaka 30,000 kwenda na kurudi. Nilitoa hela niliyowawekea vibarua wa kuokota. Kesho yake nikaomba vibarua wanivumilie.

Daftari letu msimu ule, Oktoba hadi Januari, lina matukio 14. Miezi minane iliyobaki yote kwa pamoja, matano. Lakini kuna jambo lililonipa nguvu. Septemba, kabla ya msimu, tulikaa na kaya 12, mume na mke pamoja, tukawauliza: hela ikitoka, ya ada ni ngapi, ya chakula ngapi, ya baba ngapi, ya mama ngapi, nani atakwenda benki? Waliandika kwenye karatasi wakasaini wote wawili. Katika kaya hizo 12, iliyoingia kwenye daftari ni moja tu. Tuliishia 12 kwa sababu vitongoji viwili viko mbali na hatukuwa na nauli.

Nimepiga hesabu ya msimu mzima. Vikao vitatu katika kila kitongoji, vitongoji vinne, 40,000 kwa kikao: 480,000. Bodaboda ya dharura mara 15: 450,000. Vocha 30,000 kwa mwezi, miezi minne: 120,000. Tochi na madaftari: 90,000. Jumla 1,140,000.

Nikaipeleka halmashauri. Nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba fedha za wanawake ni zile za mikopo ya asilimia 10, tusajili kikundi, tuandike andiko la biashara, kuku wanalipa siku hizi. Jamani, mimi sikatai kuku. Ila nauli ya mtu aliyevunjwa mkono nitairejesha kwa faida gani? Na kwenye kitabu cha bajeti nimeona kwa macho yangu fungu la Siku 16 za kupinga ukatili: fulana, maturubai, ngoma, chakula cha wageni. Kamati za vijiji: hakuna mstari.

Swali langu ni hilo. Ipo njia halali ya kamati ya kijiji kupata fedha ya kuzuia ukatili ambayo si mkopo?

---

Kijana wa Pwani:

Dada pole sana. Ukweli ni kwamba serikali haina hela ya mambo hayo. Andikeni andiko mpeleke kwa wafadhili, mtasubiri halmashauri mpaka mzeeke.

---

Bi Mkorosho:

Mdogo wangu, asante, lakini hapo sikubaliani nawe. Kila kilo ya korosho inayouzwa huku inakatwa ushuru wa mazao, asilimia 3, unakwenda halmashauri. Ile korosho aliyoiokota yule mama imeshalipia. Mfadhili akija nitampokea kwa mikono miwili, ila akiondoka msimu haumfuati.

---

Mzee wa Jamii (mstaafu):

Bi Mkorosho, nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii katika halmashauri tatu hadi nilipostaafu. Swali lako ni la haki kabisa, na nitakujibu kwa urefu.

Kwanza tuiweke kando ile asilimia 10. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa mwaka 2018 ili halmashauri itenge sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikaruhusiwa tena mwaka wa fedha 2024/25. Ni fedha nzuri na nimeona wanawake wamejenga nyumba kwa hiyo. Lakini ni mkopo, kisheria haiwezi kugeuka kuwa nauli. Aliyekujibu hakukudanganya, ila amekupeleka kwenye dirisha lisilo lako.

Dirisha lako ni bajeti ya kawaida ya mapato ya ndani, kwenye kasma, yaani mafungu, za maendeleo ya jamii na ustawi wa jamii. Kwenye kasma hizo ndiko lilikotoka fungu la fulana. Na halikuingia kwa hila, liliingia kwa sababu kuna mtu aliliandika mapema, likiwa na tarehe, idadi na bei. Wewe barua yako uliipeleka mwezi gani?

Kama ni Mei au Juni, hata mwenye roho nzuri hana pa kuiweka. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini mlango unafungwa mapema sana. Vipaumbele vinaibuliwa kijijini, kwa utaratibu wa kupanga mipango unaoitwa Fursa na Vikwazo, vinapita mkutano mkuu wa kijiji, vinakwenda kamati ya maendeleo ya kata, halafu wataalamu wa halmashauri, halafu baraza la madiwani, ndipo vinapanda mkoani na Bungeni, ambako Aprili mpaka Juni ni kupitisha tu. Kwa hiyo hicho kipindi unachosema usingizi unakupaa, Oktoba mpaka Desemba, ndicho unachotakiwa uwe na karatasi yako mkononi kwenye mkutano wa kijiji. Najua ni kukuongezea mzigo. Lakini vijiji vingi huandika darasa, zahanati, kisima, wakaishia hapo, kwa kuwa hakuna aliyesimama kusema kingine.

Sasa namna ya kuandika. Usiandike "kutokomeza ukatili wa kijinsia". Hilo ni kubwa, mhasibu halioni. Andika kama ulivyotuandikia hapa: vikao 12 vya wanandoa kabla ya msimu, vitongoji vinne, Septemba, 480,000. Usafiri wa dharura kwa waathirika kwenda kituo cha afya na Dawati la Jinsia la Polisi, safari 15, 450,000. Mstari wa namna hiyo diwani anaweza kuutetea hata akiamshwa usingizini.

Jambo ambalo wengi hawalijui: bajeti kupita na fedha kutoka ni vitu viwili tofauti. Huko kwenu halmashauri inaishi kwa ushuru wa korosho, na ushuru unaingia robo ya pili, Oktoba hadi Desemba. Robo ya kwanza sanduku limekauka. Ukiweka vikao vyako vya Septemba kwenye fedha za halmashauri, vitapitishwa na hamtapewa, kisha utakuja hapa kulia. Igawe. Vikao vya Septemba vibebwe na kijiji chenyewe kama kina chanzo chochote. Usafiri wa dharura, vocha na vifaa, hivyo vidai halmashauri, robo ya pili, hela ikiwa mezani.

Kuhusu takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 4 katika kila 10 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Ni namba nzito, lakini madiwani wameisikia mpaka haiwashtui tena. Anza na daftari lako: 14 msimu, matano nje ya msimu, moja katika kaya 12. Hiyo hakuna aliyeisikia. Ila nakuomba kama mzazi, majina yabaki kwenye daftari na daftari lifungiwe kabatini. Mkutanoni peleka namba tu. Kijiji ni kidogo, ukisema "kitongoji cha pili, wa kanga moja", watu wameshamjua.

Na hicho kikao chenu cha kabla ya msimu msikidharau. Kampala walijaribu kazi inayofanana na hiyo, mpango unaoitwa SASA!, na watafiti wakaufuatilia kati ya 2007 na 2012 katika jamii nane, nne zilizokuwa na mpango na nne zisizokuwa nao. Waliofanya kazi walikuwa watu wa kawaida wa mtaani, wanazungumza na majirani zao sokoni, vijiweni, majumbani, muda mrefu, karibu miaka mitatu. Katika jamii zile ukatili wa kimwili wa wapenzi na waume ulikutwa chini kwa asilimia 52 ukilinganisha na zile nyingine. Sisi enzi zangu tulikuwa tunakwenda kijijini na semina ya siku moja, tunagawa soda, tunapiga picha, gari linarudi mjini. Laiti ningejua wakati ule nilichokijua baadaye, zile soda ningezigeuza nauli za watu kama wewe.

---

Mama Tuktuk, Kwale:

Hujambo mamangu, naandika kutoka upande wa Kenya. Huyo mama wa kukwaruza mlango amenitoa machozi, sisi huku hao tunawajua.

Kwetu tangu 2015 kuna hazina ya serikali ya kitaifa ya NGAAF, inapitia kwa Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti. Hiyo hutoa ruzuku kwa vikundi, si mkopo, na mambo ya dhuluma za kijinsia ni sehemu ya kazi yake. Lakini nikwambie ukweli, vikundi vingi vikipewa hupewa vitu: mahema, viti, tangi la maji. Kikundi chetu kilipata mahema mawili na viti 100. Mwanzo tulivunjika moyo, tukasema sisi tunalilia wanawake wanaopigwa, tunapewa viti! Kisha mwenzetu mmoja akasema tukodishe kwa harusi na matanga. Leo kila kiti kinachokaliwa harusini Ukunda kina shilingi mbili inayokwenda kwenye kibuyu cha tuktuk. Mama akipigwa usiku, dereva wetu hulipwa kutoka kwa kibuyu hicho, hakuna kuuliza nani ana pesa.

Kwa hiyo ukipewa kuku, labda wachukue, lakini andika mapema yai gani ni la nani.

Na ile ya mzee ya kuwahi, hata huku ni hivyo hivyo. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa mwaka unatakiwa ufike bungeni mwa kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Ukienda Novemba kwa kikao cha maoni ya umma ukilia, watakuandika jina na kukupa chai.

---

Mjomba wa Masasi:

Mimi ni mkulima wa korosho, nina ekari saba, na ni mwanamume, nalisema hilo mapema.

Bi Mkorosho, katika kamati yenu wapo wajomba? Nauliza kwa sababu huku kwetu, kwa Wamakua, Wamakonde na Wayao, watoto ni wa upande wa mama, na mume akimpiga mke ameigusa familia ambayo mjomba ndiye mwenye kauli. Zamani mjomba alikuwa anakuja, anakaa barazani, haondoki mpaka neno limekwisha. Siku hizi mjomba anapigiwa simu, anatuma 5,000 na pole. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo kwa mpwa wangu, na mwaka uliofuata alirudi nyumbani jicho limevimba haoni. Sijajisamehe.

Baada ya hapo nilikwenda kwa katibu wa AMCOS yetu nikamwambia jambo moja: siku ya kusoma malipo, isomwe hadharani, kilo na kiasi, kila mkulima na kaya yake. Mkutano wa wanachama ndio wa kuamua. Mwanzoni wanaume tulipiga kelele, wengine tuna siri zetu. Lakini mke akishasikia kilo ngapi na shilingi ngapi, hahitaji tena kuuliza stakabadhi usiku, na wewe umesema mwenyewe yule mama alivunjwa mkono kwa kuuliza stakabadhi. Haikugharimu kitu. Pia wapo wanaoandikisha mke kama mwanachama kwa mikorosho aliyorithi kwao, akaunti yake, jina lake. Hiyo inachukua muda, lakini ianzeni.

Halafu kijiji chenu hakipati chochote kwenye kilo? Vijiji vingi huku vimekubaliana makato kidogo kwa kilo kwa ajili ya maendeleo. Kama ipo, hapo ndipo pa kuombea vikao vya Septemba.

---

Bi Mkorosho:

Mzee, shikamoo. Barua yangu niliipeleka tarehe 20 Mei. Nilipokusoma nilicheka kwa uchungu, kisha nikatoka nje nikakaa chini ya mkorosho, nikafikiri, kumbe hakuna aliyenichukia, nilifika mlango umefungwa.

Mama Tuktuk, hiyo ya viti nimeipeleka kwa wenzangu neno kwa neno. Mjomba, katika kamati yetu hakuna mjomba hata mmoja, yupo mchungaji na yupo shehe. Makato kwa kilo yapo, ndiyo, na mwaka huu yanajenga ofisi ya kijiji. Nitauliza.

---

Bi Mkorosho, baada ya wiki tano:

Wadau, nimerudi kuwapa habari.

Mkutano mkuu wa kijiji umekaa. Nilisimama na karatasi moja, namba tu, hakuna jina. Niliposema "14 na matano" uwanja ulitulia, kisha mzee mmoja nyuma akauliza, "Hizo 14 ni za kijiji hiki hiki?" Nikamwambia ndiyo, baba. Akakaa. Yule mama wa mkono alikuwepo, amesimama pembeni na wanawake wenzake, mkono umepona ila haunyooki vizuri. Hakusema neno na mimi sikumtazama, nilimwahidi.

Ubishi ulikuwepo. Wapo waliosema ofisi imalizwe kwanza, wapo waliosema mambo ya chumbani hayaletwi uwanjani. Aliyetuokoa ni mwenyekiti wa AMCOS. Alisema gunia likiibiwa tunalipa mlinzi, na huyo anayelijaza gunia nani anamlinda? Tukapiga kura ya mikono. Kijiji kimekubali 480,000 ya vikao vya Septemba ijayo itoke kwenye makato ya kilo, na kwa msimu huu tumepewa 150,000 ya bodaboda, inakaa kwa mweka hazina wa kijiji, inatoka kwa saini mbili hata kama ni usiku wa manane. Tumeshaitumia mara mbili. Mara ya pili mtoto wa miaka sita ndiye aliyekuja kutuita.

Wajomba wawili wameingia kwenye kamati. AMCOS wamekubali kusoma malipo hadharani kuanzia mnada ujao, tutaona.

Jumatatu kamati ya maendeleo ya kata inakaa, na diwani ameniambia nije na nakala tatu. Nimeandika 450,000 usafiri, 120,000 vocha, 90,000 vifaa, yote robo ya pili. Mzee, hiyo ya vocha niiite nini? Naogopa wakiona neno "vocha" watadhani ni za kwangu.

---

Mzee wa Jamii (mstaafu):

Andika "Mawasiliano ya dharura ya kamati, Oktoba hadi Januari", na chini yake andika namba ya simu moja ya kamati, si yako. Nunueni laini mpya kabla ya Jumatatu. Na Januari usiiweke robo ya pili, ni robo ya tatu hiyo: miezi mitatu ya mwanzo 90,000 huku, Januari 30,000 kule. Mhasibu akiikuta imekosewa ataifuta yote.

---

Bi Mkorosho:

Nimerekebisha. Laini nanunua kesho asubuhi mnadani.